Karai la Shangazi Mbuke

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu haujanyooka tangu zamani, na humu ndani mtakuta maneno niliyoyaandika kama ninavyoyatamka, maana sisi tuliokulia Usukumani ulimi wetu una njia zake. Elimu yangu ni darasa la saba. Naandika polepole, ukurasa mmoja unanichukua kutwa nzima, kati ya mteja na mteja, kwa kuwa kazi yangu ni cherehani hapa Katoro. Atakayeichapa barua hii anirekebishie pale penye aibu tu. Pengine apaache.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mchanga. Jirani yangu anajenga, na wiki iliyopita lori lilimmwagia mchanga na kokoto karibu kabisa na kibaraza changu. Mchana mvua ikanyesha kidogo, ikakatika, na harufu ikapanda mpaka kwenye cherehani. Haikuwa harufu ya udongo wa shamba. Ilikuwa harufu ya jiwe lililosagwa likalowa, baridi kidogo, kama ladha ya kijiko kitupu mdomoni. Mguu wangu ulisimama wenyewe kwenye pedeli. Nilipochungulia nje nikamkuta kitinda mimba wangu amechuchumaa juu ya lundo lile, anachora kwa kidole, anafuta kwa kiganja, anachora tena. Sikumfokea. Nilikaa nikamtazama mpaka mteja akauliza kama suruali yake itashonwa leo au kesho.

Ninyi wa rika langu, tuliokwenda shule na michembe ya viazi mifukoni, mtanielewa nikisema kwamba mimi sikujifunza kusoma darasani. Nilijifunza ndani ya karai.

Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi, na Shangazi Mbuke, dada yake Baba. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na Shangazi badala ya kurudi kwao alibaki na sisi. Tuliishi upande wa Kharumwa, na Mama na Shangazi walifanya kazi mwaloni, yaani pale kijitoni ambapo mawe ya mashimoni yanatwangwa na kuoshwa mpaka dhahabu ibaki. Wanaume walishuka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, huko kilimani. Wanawake walitwanga mawe kwenye vinu kwa mchi wa chuma, halafu wakauosha ule unga wa mawe ndani ya makarai, wakiyazungusha taratibu, wakimwaga tope kidogo kidogo. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kivulini na kutosumbua.

Mwaloni palikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeifundisha, kila mtu aliikuta. Dhahabu haikutajwa jina. Iliitwa mali. Na aliyeiona mali inang'aa chini ya karai lake hakupayuka. Alifumba ngumi, akaguna kidogo puani, akamwinamia mwenzake sikioni. Wakubwa walisema mali inasikia, ukiipigia kelele inahama, na wewe unabaki kuosha tope mwezi mzima. Jirani yetu pale, Mama Holo, mwanamke mnene mwenye maneno, akiwaona wageni wanaocheka ovyo alikuwa akiwaambia, "Punguzeni sauti. Mali ina masikio kuliko mama mkwe."

Mimi nilikuwa mtoto wa aibu. Hata mgeni akinisalimu nilijificha kwenye kanga ya Mama na shikamoo yangu ikafia humo humo. Kwa hiyo sheria ile ya kunong'ona ilinipendeza sana. Niliona hapa ndipo mahali pa watu kama mimi.

Sasa Shangazi alikuwa na karai lake kuukuu, limebonyea upande mmoja, ambalo halikufaa tena kuoshea. Akanipa mimi. Kila alipopumzisha mikono alilijaza unga wa mawe uliolowa, akausawazisha kwa kiganja, akachora herufi moja kwa kidole. Kisha akamimina juu yake maji ya tope yaliyoificha herufi yote, akanisogezea. Mchezo ulikuwa huu: nimwage maji yale taratibu, kama mtu anayeosha mali, mpaka herufi ionekane. Mkono ukiwa na haraka, maji yanaibeba herufi na huoni kitu. Niliziharibu nyingi. Shangazi hakuchoka kuchora.

Hakuniambia hii inaitwa nani. Aliniambia inaliaje. Kila herufi kwake ilikuwa ni mtu wa pale mwaloni mwenye sauti yake. Yule wa *t* alikuwa mtwangaji, t, t, t, mchi ndani ya kinu. Yule wa *s* alikuwa maji yanayopita kwenye gunia. *K* alikuwa sururu imekutana na jiwe gumu. *M* alikuwa ng'ombe wa Mama Holo anayedai kufunguliwa. *U* alikuwa upepo kwenye mdomo wa duara, na *a* alikuwa mtu aliyejiangushia mchi kwenye dole gumba, na hapo Shangazi alishika mguu wake na kukunja uso mpaka nikacheka kimyakimya, mabega tu yakitikisika.

"Ukiiona usipayuke," aliniambia siku ya kwanza. "Njoo uniambie sikioni."

Basi herufi ikijitokeza, nilifumba ngumi, nikaguna, nikaenda kumpa mlio wake sikioni. Sikio lake lilikuwa na vumbi jeupe la mawe na lilinukia moshi wa kuni. Naye alifumba ngumi yake, tukagonganisha ngumi, mchezo ukaendelea.

Nilipozijua kadhaa akaanza kuzikutanisha. Alichora mbili, moja huku na nyingine kule, akasema watu wawili wakikutana njiani lazima wasalimiane. Kidole changu kilitoka kwa ng'ombe wa Mama Holo, kikatembea mchangani na mlio wake, kikafika kwa yule aliyejiangushia mchi, na hawakuwa wawili tena, walikuwa *ma*. Siku nilipokutanisha nne kwa mara ya kwanza zilikuwa *kuku*. Nilimnong'oneza Shangazi, na wakati huo huo kuku mwekundu akapita nyuma ya vinu akidonoa. Niliganda. Niliamini kabisa kwamba nimemwita. Nikamwomba Shangazi aandike *nyama*. Akalitazama karai muda mrefu, akasema kuna herufi moja ya neno hilo ambayo bado hajaichimba.

Sikuuliza zaidi. Niliona ni jibu la kawaida. Mali huchimbwa, na herufi nazo huchimbwa.

Mwaka niliofikia kuanza shule, Mama alinipeleka na tukapanga foleni pale uani. Mnakumbuka kipimo chetu. Unapitisha mkono juu ya kichwa na vidole viguse sikio la upande wa pili. Vyangu viligusa, tena vilipita. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa kijana mrefu mno, mgeni katika nchi yetu, anayeinama kila akiingia mlangoni. Aliniandika kwa penseli. Alituambia wazi kwamba watoto ni wengi na madawati machache, kwa hiyo atatutazama kwa wiki kadhaa, na ambaye hajawa tayari atarudi mwakani.

Siku ya pili akachora *a* ubaoni, kubwa kama kichwa cha mbuzi, na darasa zima likaipayukia. Sijui kama naweza kuwaeleza nilivyoshtuka. Ilikuwa kama kuona watu wanamwaga makarai yao mtoni. Wakapayuka *e*, wakapayuka *i*, huku wakigonga madawati, na mimi nilikuwa nawaza, sasa zote zitahama, hawa watabaki na tope. Mwalimu akaninyooshea fimbo yake ya kuonyeshea. Niliijua herufi ile. Nilifumba ngumi, nikaguna, nikamtazama nikisubiri alete sikio. Hakulileta. Alisubiri, akarudia swali kwa upole, kisha akaniambia nikae mkekani.

Waliojua walikaa madawatini, wasiojua walikaa kwenye mkeka chini ya dirisha. Nilikaa mkekani siku ile, na kesho yake, na wiki ikaisha. Kila aliponiuliza nilifumba ngumi. Wenzangu wakaanza kuniita Bubu. Sikuwachukia. Niliwaonea huruma kwa zile herufi walizokuwa wanazipoteza.

Wiki ya tatu Mwalimu alimwita Mama. Nilisimama nyuma ya kanga yake nikasikia yote. Alisema mtoto ni mtulivu na ana adabu, lakini ulimi wake bado, na nafasi ile kuna mwingine anaisubiri. Alimwomba anirudishe mwakani.

Mama akasema, "Haya, Mwalimu." Akafunga kanga yake vizuri, tukaondoka.

Lakini mwakani kwa watu wa mwaloni ni neno la adabu tu. Wakati huo habari za rashi mpya, yaani mali imeonekana mahali papya na watu wanaikimbilia, zilikuwa zimeenea. Wengine walisema iko upande wa Chato, wengine wakasema mbele zaidi, na malori yalikuwa yanasubiri mvua zikatike ndipo yapite. Mama na Shangazi walikuwa wamekubaliana. Shule ikinichukua, Mama atabaki na mimi alime pamba, Shangazi atakwenda na wenzake. Isiponichukua, tutakwenda wote watatu. Na watoto wa rashi niliwafahamu. Walipita kwetu kila mara, wamebeba madumu ya maji, wakubwa kunizidi, na hakuna aliyekuwa na daftari. Hakuna aliyekuwa amewafukuza shule. Walikuwa wakiambiwa mwakani, na mwakani ikiwakuta sehemu nyingine.

Jioni ile jua lilikuwa bado lipo, Shangazi akalileta karai, akaniweka kati ya magoti yake. Hakuchora kitu. Aliniuliza, "Bebe, wewe mtoto, herufi zangu umezipeleka wapi?"

Nikamwambia sikioni kwamba ninazo zote.

"Mbona humpi Mwalimu?"

Nikamnong'oneza kwamba kule wanapayuka. Nikamwambia zitahama. Nikamwambia mimi zangu nimezifumba, na Mwalimu haleti sikio.

Shangazi alicheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akamwita Mama aje asikie, na Mama hakucheka. Hapo Shangazi akakaa wima tena. Alishika kiganja changu akakifungua, akakitazama kama vile kweli kuna kitu ndani. Akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyemziba huyu mtoto."

Asubuhi iliyofuata hakwenda mwaloni. Alijitwika lile karai limejaa unga wa mawe uliolowa, maji yakimchuruzika shingoni, tukaenda hadi shule. Njiani tulikutana na Mama Holo, akauliza kama siku hizi mali inaoshewa kwa walimu. Shangazi akamjibu mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, na hakusimama.

Alitua karai mlangoni mwa darasa. Alimwamkia Mwalimu shikamoo, ingawa Mwalimu yule angeweza kuwa mdogo wake, na akamwambia kosa si la mtoto, kosa ni la kwake. Akamweleza yote, sheria ya mwaloni na mchezo wetu. Aliyasema kwa Kiswahili cha kutafuta, kila neno akilipima. Kisha akasema, "Nakuomba, Mwalimu, umwazime sikio."

Nimeshakutana na wakubwa wengi tangu siku ile, na wengi wangesema hawana nafasi ya michezo. Mwalimu alitazama darasa lake lililojaa, akatazama karai. Akaweka chaki mfukoni. Akapiga magoti mlangoni pale kwenye vumbi na suruali yake ya kaki, na hata akiwa magotini bado alikuwa mrefu, ikabidi ainamishe na shingo.

Shangazi akachora, akaficha kwa tope. Maji niliyamwaga taratibu, na herufi ikabaki. Nilifumba ngumi. Nikamwinamia Mwalimu, sikio lake lilinukia chaki na sabuni, nikampa ng'ombe wa Mama Holo. Akanigeukia haraka. Shangazi akachora nyingine, nikampa. Nyingine, nikampa. Watoto walikuwa wamejaa dirishani wanauliza anasema nini, anasema nini.

Kisha Mwalimu akalisawazisha karai kwa kiganja chake mwenyewe na kuchora neno zima, akalifunika kwa tope kama alivyomwona Shangazi akifanya, lakini kwa woga, maji kidogo. Niliyamwaga. Nilipitisha kidole kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, nikawasalimisha wote. Nikamwambia sikioni: *mkeka*.

Alitazama mkeka ule chini ya dirisha. Kisha akanyoosha ngumi yake iliyofumbwa mbele yangu, nami nikaigonga kwa yangu. Aliingia ndani, akafungua daftari la majina, na safari hii aliniandika kwa kalamu ya wino. Shangazi alikuwa ameshajitwika karai tupu kichwani, na aliondoka akifuta macho kwa ncha ya kanga, akilalamikia vumbi.

Msidhani kwamba niliongea tangu siku ile. Ile imani yangu haikutoka kwa siku moja. Lakini Mwalimu hakunilazimisha. Muhula mzima alikuja kwenye dawati langu, akajikunja, akaleta sikio. Wengine wakaanza kutaka na wao kunong'ona, ikawa mchezo wa darasa zima, na mkeka ukakunjwa ukawekwa pembeni. Nikiwaza sasa jinsi alivyokuwa na watoto wengi na mgongo mmoja, nashindwa nimshukuruje.

Na nyumbani jambo lingine lilitokea. Siku nilipojifunza *d* nilikimbia kumchorea Shangazi, nikitaka kumwonyesha kwamba nami naweza kumfichia. Alimwaga maji, akaitazama. Akasema haijui. Nikadhani ni mchezo. Ndipo Mama aliponiambia kwamba Shangazi alitolewa shule darasa la pili akachunge ng'ombe, na kwamba zile alizonifundisha, kumi na mbili, ndizo zote alizokuwa nazo. Alinipa zote na hakubakiza hata moja.

Basi tukabadilishana nafasi. Kila niliyoipata shuleni niliileta kwenye karai jioni, kabla ya ugali. Nilimwambia inaliaje, sikumwambia inaitwaje. *F* ilikuwa mtu anayepuliza vumbi kwenye mali. *G* ilikuwa gogo linaloburuzwa. Ya *r* ilitusumbua, ulimi wake uliikataa, akasema huyu lazima ni mgeni kutoka pwani. Mikono yake ilikuwa mizito lakini alimwaga maji kwa upole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Aliniambia anazitaka zote, kwa sababu huko aendako hataki mtu amsomee karatasi yake.

Mvua zikakatika mapema kuliko tulivyodhani. Wiki ile Mwalimu alikuwa anatumalizia zile za mwisho, na malori yakaja siku ya masomo. Nilisikia honi nikiwa darasani. Niliomba ruhusa sikioni, nikakimbia. Nilipofika barabarani lori lilikuwa limeshaanza kuondoka, limejaa magunia, sururu na watu, na Shangazi yuko juu kabisa amekalia lile karai lililobonyea. Kukubaliwa kwangu shuleni ndiko kulikotutenganisha, na hilo nalijua. Lakini wakati ule niliwaza jambo moja tu. Alikuwa na ishirini. Zilibaki nne.

Nikakimbia kando ya lori. Nikanyoosha mkono wote nikachora hewani *v*, kubwa, na nikapaza mlio wake kwa sauti yangu yote. Watu mle kwenye lori walidhani nina kichaa. Nikachora *w*. Nikachora *y*, ile ya nyama, ambayo hakuwahi kuichimba. Niliipayuka mara tatu ili aisikie kupita ngurumo ya injini. Vumbi lilinijaa mdomoni. Nilipofika *z* lori lilikuwa mbali, nikasimama katikati ya barabara nikaipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na sikuogopa kwamba itahama. Ilikuwa inahama kweli. Ilikuwa inakwenda na mwenyewe.

Kule juu, mbali, nilimwona Shangazi ananyoosha mkono. Akafumba ngumi.

Hatukuonana tena. Mwanzoni zilikuja salamu kupitia kwa wapita njia, halafu nazo zikakoma, kama ilivyo kwa watu wa rashi. Mama amezeeka, bado anamuulizia. Mimi nina cherehani yangu, vipimo vya wateja naviandika mwenyewe, na mwanangu anachora kwenye mchanga wa jirani. Jana nilimpelekea maji ya tope kwenye kikombe nikamwonyesha mchezo.

Kwa hiyo ninyi mlioisoma mpaka hapa, naomba mnijibu. Mhariri anajua pa kunipata. Niambieni nanyi nani aliwafunulia herufi ya kwanza, na ilikuwa juu ya nini, mchanga, majivu au mgongo wa sahani. Msiogope mwandiko, wangu mmeuona. Na kama pale mlipo kuna mwanamke mtu mzima, Mbuke, anayefumba ngumi akifurahi, naomba mumfikishie barua hii. Nimeiandika kwa herufi kubwa makusudi, na atakayeichapa naomba aziache kubwa. Msimsomee. Mpeni karatasi, mkae kando, asome mwenyewe.